Mawimbi ya sumakuumeme husafirije? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, mafundi wa redio na dishi, na watu waliosikia kwamba "nuru ni chembe" wakabaki na utata. Nina msimamo mmoja, na nitautetea ukurasa mzima: fizikia ya kwanta, ile inayosema nishati huja kwa mafungu, haikulifuta wimbi la Maxwell, mwanafizikia wa karne ya 19 aliyeonyesha kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku. Wimbi linasafiri vilevile kama zamani. Kilichobadilika ni uelewa wetu wa namna nishati yake inavyotolewa na kupokewa.

Wimbi la sumakuumeme ni nini hasa?

Ni badiliko la uga wa umeme na uga wa sumaku linalosambaa kutoka pale lilipoanzia. Uga ni hali ya mahali ambapo nguvu ya umeme au ya sumaku huhisika; zikiwa nyingi tunaziita nyuga. Chaji iliyotulia ina uga wa umeme unaoizunguka pande zote. Ukiitikisa, uga ulio mbali haubadiliki papo hapo. Badiliko hutoka kwenye chaji na kwenda nje kwa kasi maalumu, na ndilo tunaloliita wimbi.

Kwenye antena ya kituo cha FM kinachorusha kwa megahezi 100, elektroni hutikiswa huku na huku mara milioni 100 kila sekunde, na wimbi linalotoka lina urefu wa mita 3. Punguza urefu huo hadi sentimita chache, unapata mawimbi ya dishi la televisheni. Ukifika nanomita 550, hiyo ni rangi ya kijani. Joto la jiko la mkaa, urujuanimno wa jua, eksirei za hospitali na miale ya gamma ni kitu hichohicho chenye masafa tofauti, yaani idadi tofauti ya mitetemo kwa sekunde.

Kinachotetemeka ni nini, ikiwa katikati hakuna maji wala hewa?

Wimbi la bahari linahitaji maji, kwa hiyo wanafizikia wa karne ya 19 waliona ni lazima kuwe na kitu fulani kinachobeba nuru, wakakiita etha. Mwaka 1887, huko Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walipima kama kasi ya nuru hubadilika kulingana na mwendo wa Dunia ndani ya etha hiyo. Tofauti waliyoitarajia haikuonekana. Mwaka 1905 Einstein akaonyesha kwamba hesabu zote zinakwenda sawa bila etha. Kinachotetemeka ni nyuga zenyewe, nazo zina nishati na msukumo wake hata katika ombwe tupu.

Maxwell alijuaje kwamba nuru ni umeme na sumaku?

Alikokotoa. Mwanafizikia Mwingereza Michael Faraday alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzaa uga wa umeme. James Clerk Maxwell aliongeza upande wa pili: uga wa umeme unaobadilika nao huambatana na uga wa sumaku. Alipoziunganisha kanuni hizo akapata mlinganyo wa wimbi, na kasi ya wimbi hilo ilitokana na vipimo vya umeme na sumaku peke yake.

Vipimo hivyo vilikuwepo tayari. Mwaka 1856, Ujerumani, Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch walipima chaji ya chupa ya kuhifadhia umeme kwa njia mbili, moja ya chaji iliyotulia na nyingine ya mkondo, na uwiano wao ulitoa kasi ya kama kilomita 310,000 kwa sekunde. Hakukuwa na taa wala kioo katika jaribio lao. Kwa upande mwingine, mwaka 1849 Hippolyte Fizeau alikuwa amepima kasi ya nuru yenyewe kwa kuipitisha kwenye meno ya gurudumu linalozunguka, kutoka Suresnes hadi Montmartre na kurudi, akapata kama kilomita 315,000 kwa sekunde. Namba mbili zisizokuwa na uhusiano wowote, moja ya mafundi wa umeme na moja ya mafundi wa nuru, zikakaribiana kiasi hicho. Katika historia nzima ya fizikia sijui ushahidi mzuri kuliko huu. Maxwell alichapisha kazi yake kamili mwaka 1865. Leo kasi hiyo ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili, na tangu mwaka 1983 urefu wa mita moja wenyewe unatokana nayo.

Ni kweli uga wa umeme huzaa wa sumaku, kisha wa sumaku huzaa wa umeme, kwa zamu?

Hapana, ingawa maelezo haya yamo katika madaftari mengi. Mbali na antena, katika ombwe, nyuga zote mbili hufika kileleni pamoja na hufika sifuri pamoja, mahali palepale na wakati uleule. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Kinachoziunganisha ni kwamba jinsi uga mmoja unavyobadilika kwa wakati hulingana na jinsi mwingine unavyotofautiana kutoka mahali hadi mahali. Mmoja ukielekea juu na chini, mwingine huelekea kulia na kushoto, na wimbi lenyewe hukata mbele.

Ule mstari wa nyoka kwenye vitabu ndio njia ya nuru?

La. Nuru haipindi huku na huku njiani. Mishale ile inaonyesha tu nguvu na mwelekeo wa uga katika kila nukta ya mstari ulionyooka.

Fotoni, yaani fungu moja la nuru, ilitokea wapi, ikiwa Maxwell alikuwa sahihi?

Ilitokea kwenye meza ileile iliyothibitisha kwamba Maxwell alikuwa sahihi. Mwaka 1887 Heinrich Hertz, akiwa Karlsruhe, alikuwa akirusha mawimbi kwa cheche kubwa na kuyapokea kwenye waya wenye mwanya mdogo, ambapo cheche hafifu ilionekana wimbi linapofika. Ili aione vizuri cheche ile hafifu, aliufunika mwanya kwa kisanduku cheusi. Ikafupika. Akachunguza kwa uvumilivu mkubwa: kipande cha kioo cha kawaida kiliidhoofisha, kipande cha kwatzi hakikuidhoofisha. Kioo huzuia urujuanimno, kwatzi huupitisha. Basi urujuanimno wa cheche kubwa ulikuwa ukiisaidia cheche ndogo kuruka.

Baadaye ikajulikana kwamba urujuanimno hung'oa elektroni kwenye metali. Mwaka 1902 Philipp Lenard alionyesha jambo ambalo wimbi peke yake haliwezi kulieleza: ukiongeza ukali wa mwanga, elektroni huwa nyingi zaidi, lakini nishati ya kila moja haiongezeki. Inayoamua nishati hiyo ni rangi, yaani masafa. Mwaka 1905 Einstein alisema nishati ya nuru hupokewa kwa mafungu, na kila fungu ni sawa na masafa mara namba thabiti ya Planck. Robert Millikan hakuliamini wazo hilo, akafanya vipimo vya miaka kadhaa, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1916 yakalithibitisha. Jina "fotoni" lilienea kuanzia mwaka 1926.

Basi nuru ni wimbi au chembe?

Badala ya kuchagua jina, fanya jaribio hili. Tafuta vikokotoo viwili vibovu, vile vyenye kioo cha tarakimu nyeusi. Mbele na nyuma ya kioo pamebandikwa karatasi ya plastiki ya kijivu. Ibandue taratibu, futa gundi, kisha upate vipande vitatu. Kila kipande hupitisha mwanga ambao uga wake wa umeme unatetemeka katika mwelekeo mmoja tu.

Tazama dirishani kupitia kipande kimoja: mwanga unapungua nusu. Weka cha pili mbele yake, ukizungushe hadi kiwe msalaba na cha kwanza: giza. Sasa chukua cha tatu, ukipenyeze katikati ya hivyo viwili, kikiwa kimelala nyuzi 45. Mwanga unarudi! Kipande hichohicho ukikiweka mbele au nyuma ya vyote viwili, giza linabaki palepale.

Kwa hesabu ya wimbi hakuna muujiza. Kipande cha katikati huchukua sehemu ya uga iliyo upande wake, na uga unaotoka una mwelekeo mpya wa nyuzi 45, ambao kipande cha mwisho hakiuzuii wote. Nusu ya nusu ya nusu: vipande kamilifu vingepitisha moja ya nane ya mwanga wa mwanzo. Kanuni hii aliitoa Étienne-Louis Malus mwaka 1809.

Sasa punguza mwanga hadi fotoni zipite moja moja. Fotoni haikatwi nusu. Ama inapita nzima, ikiwa na rangi ileile, ama inamezwa nzima. Kwenye kila kipande cha nyuzi 45 ina uwezekano wa nusu kupita, na ukihesabu nyingi unapata tena moja ya nane. Kanuni ni ileile ya Malus. Kwa Maxwell ilitoa kiasi cha mwanga, kwa kwanta inatoa uwezekano. Na fotoni haibebi lebo ya kudumu inayosema "mimi ni wa wima" au "mimi ni wa mlalo", kwa sababu kama ingebeba, kuongeza kizuizi cha tatu kusingeweza kamwe kuongeza mwanga.

Kwa hiyo wimbi ndilo linalosafiri na kuamua nini kinaweza kutokea wapi, na fotoni ndiyo hesabu ya kilichopokewa. Mwanafunzi akiliandika hili kwenye mtihani, ameandika fizikia.

Fotoni moja peke yake huingiliana na nani?

Huingiliana na njia zake yenyewe. Mwaka 1909 Geoffrey Taylor, Cambridge, alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga uliofifishwa kiasi kwamba bamba la picha lilihitaji saa 2,000 hivi kukamilika. Mistari ya mwingiliano pembeni mwa kivuli, yaani ile ya mwanga na giza inayotokea mawimbi yanapojumlishana, ilitoka kali kama ya mwanga wa kawaida.

Vitabu vingi huishia hapo. Binafsi naona haitoshi, kwa sababu mwanga uliofifishwa bado unaweza kuleta fotoni mbili kwa bahati. Jaribio la kumaliza ubishi ni la mwaka 1986, Orsay, Ufaransa. Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect walitumia atomu za kalisi zinazotoa fotoni mbili mfululizo, ya kwanza ikitoa taarifa kwamba ya pili iko njiani. Waliielekeza hiyo ya pili kwenye kioo kinachogawa mwanga nusu kwa nusu. Vipokezi vya pande mbili karibu havikulia pamoja, kwa hiyo fotoni haikugawanyika. Walipoziunganisha tena njia mbili, mistari ya mwingiliano ikatokea. Chombo kilekile, chanzo kilekile.

Mbona redio haitoi mlio wa fotoni moja moja?

Kwa sababu kila fotoni ya redio ina nishati ndogo mno, nazo ni nyingi kupita kiasi. Mtambo wa kilowati 1 kwenye megahezi 100 hutoa kila sekunde fotoni zaidi ya 1 ikifuatiwa na sifuri 28. Hata simu yako inapokuwa na mtandao dhaifu, ikipokea sehemu moja ya trilioni 10 ya wati kwenye megahezi 900, bado inaingiza fotoni zaidi ya bilioni 100 kwa sekunde. Kwa wingi huo hesabu hulainika, ukabaki na uga wa Maxwell. Roy Glauber alilieleza hili kikamilifu mwaka 1963: mawimbi ya mtambo wa redio au leza ni hali ya kwanta ambayo idadi ya fotoni haina namba moja iliyo dhahiri, lakini uga una kilele na mpangilio ulio dhahiri.

Na ni wapi fotoni huhesabiwa kweli moja moja?

Kwenye eksirei, na mfano wangu uko pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Ikapewa jina Uhuru. Jukwaa lilikuwa la Italia, setilaiti ya Marekani.

Ilibidi iende juu kwa sababu hewa yetu humeza eksirei zote kutoka angani. Na Malindi ilifaa kwa kuwa iko karibu na ikweta: roketi hufaidi mzunguko wa Dunia, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mionzi zinazochafua vipimo. Ndani yake mlikuwa na vipokezi vya gesi. Fotoni moja ya eksirei ikiingia, humng'oa elektroni, elektroni huzaa nyingine, na mshituko mmoja wa umeme huandikwa. Mlio mmoja, fotoni moja. Kwa kuhesabu hivyo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Nuru hupungua kasi ndani ya kioo. Je, fotoni humezwa na kutemwa na kila atomu?

Hapana. Ingekuwa hivyo, kila atomu ingeitema upande wowote na usingeona kitu kupitia dirisha. Wimbi linapoingia, elektroni za kioo hutikisika na kurusha mawimbi yao madogo ya masafa yaleyale. Jumla ya wimbi la mwanzo na hayo madogo ni wimbi moja lililochelewa kidogo. Hesabu ya kwanta hutumia jumla hiyohiyo. Ndani ya nyuzi za mkongo, kasi hushuka hadi kama kilomita 204,000 kwa sekunde.

Kwa nini redio za mbali hushika vizuri usiku?

Kuanzia kama kilomita 60 juu, jua hung'oa elektroni kwenye hewa na kuunda tabaka liitwalo ionosfia. Elektroni hizo zinaweza kuyarudisha mawimbi duniani. Ndiyo maana Guglielmo Marconi aliweza kupokea ishara Newfoundland kutoka Uingereza mwezi Desemba 1901, ingawa Dunia ni mviringo, na ndiyo maana watu wetu walisikiliza idhaa za Kiswahili za London na Cologne kwenye masafa mafupi kwa miaka mingi. Mchana sehemu ya chini ya tabaka hilo humeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likitua, sehemu hiyo hupotea upesi, na stesheni za nchi jirani zinaanza kuingia. FM ina masafa ya juu mno kwa ionosfia, hupenya na kwenda zake angani, kwa hiyo inategemea mnara ulio karibu.

Mbona dishi hukatika mvua ikinyesha?

Dishi dogo la nyumbani hupokea karibu gigahezi 12, wimbi la sentimita 2.5. Matone ya mvua ya milimita kadhaa hulimeza na kulitawanya, hasa mvua kubwa za kwetu. Madishi makubwa ya gigahezi 4 huathirika kidogo tu, kwa sababu wimbi lao ni refu zaidi likilinganishwa na tone. Ukielekeza dishi kwa usahihi zaidi unapata akiba ya kuvumilia mvua ya wastani, si ile ya masika yenyewe.

Minara ya 5G inaweza kuvunja chembechembe za mwili?

Hapa kanuni ya Einstein inajibu moja kwa moja. Fotoni ya gigahezi 3.5 ina nishati pungufu zaidi ya mara 200,000 kuliko fotoni ya urujuanimno wa jua unaobabua ngozi. Vifungo vya kemikali vinavyoshikanisha molekuli mwilini havivunjwi na fotoni kama hiyo, na kuwa nazo nyingi hakubadilishi jambo, kama Lenard alivyoona kwenye metali. Kinachobaki ni joto, na ndiyo sababu kuna viwango vya nguvu na mafundi hawaruhusiwi kusimama mbele ya antena inayorusha. Jua la saa sita linastahili tahadhari zaidi, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino.

Fotoni huchoka ikisafiri mbali?

Haichoki. Mwanga wa nyota ni hafifu kwa kuwa fotoni zimetawanyika, zikafika chache. Isipokuwa kwa umbali wa galaksi, ambako kutanuka kwa ulimwengu hurefusha wimbi lenyewe na kila fotoni hufika ikiwa na nishati pungufu.

Je, fotoni moja inaweza kubeba ujumbe wa siri kupitia mkongo wa bahari?

Wazo lipo tangu mwaka 1984, la Charles Bennett na Gilles Brassard: anayedukua fotoni moja moja huacha alama, kwa sababu kuipima ni kuibadilisha. Tatizo ni safari. Nyuzi za kawaida hupoteza kiasi kwamba kila kilomita 100 hufika sehemu moja tu ya mia. Kwa mawasiliano ya kawaida si taabu, maana chini ya bahari huwekwa vikuza mawimbi njiani, na mkongo wa TEAMS wa mwaka 2009, kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, takribani kilomita 5,000, unafikisha data kwa kama sekunde moja ya arobaini.

Lakini hali ya fotoni moja isiyojulikana haiwezi kunakiliwa. Hilo lilithibitishwa kihesabu mwaka 1982, na kikuza mawimbi kazi yake ni kunakili. Bila vikuza, kila fotoni inayoingia Fujairah ingekuwa na uwezekano wa 1 katika namba yenye sifuri 100 kufika Mombasa, yaani haifiki. Ndiyo maana China ilipeleka kazi hiyo angani. Setilaiti yake Micius, iliyorushwa mwaka 2016, ilituma fotoni pacha kwenye vituo viwili vilivyo umbali wa kilomita 1,200 hivi, matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Sehemu kubwa ya njia yao ilikuwa ombwe, ambako hakuna kitu cha kuzimeza.